Jembe Lililoegemezwa Mlangoni

Kilungwi, Kinuni
11 Juni 2023

Kaka yangu Dominiko,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Huku sisi wazima, ukiacha baridi ya mwezi huu ambayo imewalaza watoto wengi kwa kikohozi, na goti langu la kulia ambalo kila asubuhi linanikumbusha kwamba ujana umeshakwenda zake. Bibi Kristina wa pale chini ya kona anakusalimu. Ameuliza kama bado una meno. Nimemwambia kwenye picha ya mwisho uliyotuma ulikuwa umefunga mdomo, kwa hiyo sijui. Wifi yangu Joyce hajambo? Na Evance je, mke keshapatikana, au bado anachagua kama mtu anayenunua nyanya?

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepanda mara nyingi hadi juu kileleni, pale tunapopata mtandao, nikipiga inaita mpaka inachoka yenyewe. Baadaye unaniletea ujumbe kwamba ulikuwa kwenye jumuiya. Kaka, ni jumuiya gani hiyo inayosali kutwa? Barua angalau haikatwi katikati. Atakuletea Sabra, yule mama anayepanda huku kununua karoti na kabichi za kupeleka sokoni mjini. Nimemwomba akupe mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Shida yangu ni hii. Mpwa wako Jesca ana mimba. Unakumbuka ile ya kwanza iliharibika, akiwa peke yake kule Mikese, mumewe yuko safarini na lori, nami niko huku nashika mfereji. Safari hii wamemwambia atajifungua Novemba. Nimemwahidi mwanangu kwamba mwezi huo utanikuta nimeshafika kwake.

Novemba ni mvua za vuli. Labda umesahau maana yake, kwa kuwa mtu akikaa sana mjini maji kwake ni bomba. Gurudumu la kinu lilisimama zamani, tangu mashine ya dizeli ilipofika kijijini, na mawe ya kusagia siku hizi wanalalia kuku. Lakini mto haujapata habari hiyo. Maji bado yanaingia pale kwenye banio, mto unapozuiwa, yanafuata mfereji ule ule wa mawe na chokaa ambao mababu zetu waliujenga mapadre wakielekeza, yanapita chini ya dirisha langu na kwenda kwenye matuta ya mboga ya kijiji kizima. Mto ukijaa na mbao za lango hazijashushwa, mfereji unafurika pale konani. Mwaka ule nilipoanguka na malaria, maji yalibeba jiko la Bibi Kristina na sufuria zake zote. Tangu hapo sijalala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja wa mvua.

Agustino, mtoto wa mama mdogo, yuko tayari kunipokea kazi hii. Kaniambia mwenyewe. Ila hawezi kuligusa jembe la mfereji mpaka apewe na mwenye jina la Kobelo, na jina hilo la mjomba ulilirithi wewe, siyo mimi. Jembe liko pale pale ulipoliegemeza, nyuma ya mlango, siku ile uliposema unashuka kutafuta kazi na utarudi mvua zikianza. Hukunikabidhi. Nalitumia kila siku na jioni nalirudisha pale pale, kama mtu aliyeazima.

Njoo umpe Agustino. Siku moja tu, kisha urudi zako.

Mdogo wako,
Martina


Mafiga, Morogoro
9 Julai 2023

Mpendwa mdogo wangu Martina,

Marahaba, na amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako imenifikia salama mikononi mwa yule mama, ambaye kweli alisimama mlangoni kama askari mpaka nikaifungua. Sisi hapa tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Joyce anakusalimu sana. Evance amepata mchumba, binti wa Kilosa, mwalimu, na mipango inakwenda. Mimi ni huu mguu tu. Ukikaa unauma, ukisimama unauma zaidi.

Nimefurahi mno kwa habari za Jesca. Mwambie mjomba wake anamwombea kila siku.

Kuhusu Agustino, mdogo wangu, hayo siyo mambo ya haraka. Haraka haraka haina baraka. Jina la Kobelo nilipewa nikiwa mtoto mchanga, siwezi kulitoa kama mtu anayemgawia jirani chumvi. Na kanuni unaijua kama ninavyoijua mimi: nyumba linamolala jembe ndiyo inayoshika mfereji. Nikimpa Agustino jembe, nimempa na nyumba, nimempa na jina, nimempa na pale chini ya ule mti wa parachichi walipolala wajomba zetu wote. Mimi nitazikwa wapi? Hii nyumba ya Mafiga imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa Joyce. Nikifa hapa ni mgeni aliyefia ugenini.

Halafu kuna jambo jema linakuja. Hapa mjini kuna chama cha watu wanaotunza majengo ya kale. Mwenyekiti wao, kijana mmoja makini anaitwa Geofrey, alisikia kwamba mimi ni mwenye kinu. Hapa mtaani wananiita Mzee wa Kinu, nadhani sijawahi kukuambia. Watapanda kuja kukiona. Wapokee vizuri.

Usiwe na wasiwasi. Oktoba ikiisha nitakuwa huko mimi mwenyewe, mguu au bila mguu. Subira yavuta heri.

Kaka yako,
Dominiko


Kilungwi, Kinuni
6 Agosti 2023

Kaka Dominiko,

Shikamoo. Tunaendelea. Kabichi zimekubali mwaka huu na Sabra analalamika kwamba ni nzito, kwa hiyo ujue ni nzuri. Hongera kwa mchumba wa Evance. Mwambie shangazi yake amefurahi, na kwamba mwalimu atamsahihisha hadi namna anavyokula.

Wageni wako wamefika. Ni watu wazuri, sitasema uongo. Walikuja na viatu vya mlimani na kamba za kupimia, wakawafukuza kuku wangu kwenye mawe ya kusagia, wakapima mfereji kuanzia banio hadi kwenye gurudumu. Geofrey aliingia kifudifudi chini ya gurudumu akatoka na matope hadi masikioni, anacheka. Alisema kazi hii ya mawe siku hizi hakuna fundi anayeiweza, na kwamba vinu vya maji vya namna hii karibu vyote vimekufa. Nilijisikia vizuri kidogo. Nikawapikia viazi, nikawachemshia chai ya tangawizi.

Kisha wakataka kunipiga picha nimesimama kando ya lango na jembe. Nikamwambia Geofrey kwamba anipige haraka, maana nikijaliwa mwaka huu naondoka. Akanishangaa. Nitakuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu sijalala vizuri tangu siku ile.

Alisema, "Mama, mbona kaka yako ametuambia wewe mwenyewe ndiye hutaki? Kwamba amekubembeleza miaka yote ushuke mjini ukapumzike kwake, na wewe unasema utafia kinuni."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikammiminia chai. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wageni, kaka, na najua umewaambia hivyo hivyo watu wengine wengi kabla yao. Nimekasirika. Nimekaa huku tangu Jesca yuko darasa la pili. Nimemlea kwa kumtuma kwa watu, kwa sababu mimi siwezi kushuka mlima. Harusi yake nilikwenda kanisani nikarudi siku ile ile kabla ya ngoma kuanza, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya banio. Na huko Mafiga watu wanajua kwamba napenda.

Nina swali moja tu. Uliniomba lini nishuke? Unijibu hilo.

Martina


Mafiga, Morogoro
17 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Joyce ana mafua. Mchumba wa Evance ametembelea nyumbani na Joyce ameridhika, maana alisonga ugali mbele yake bila kuambiwa. Harusi ni tarehe 28 Oktoba. Najua hutaweza kuja, tumekuwekea nafasi yako moyoni.

Maneno ya wageni hukua njiani, Martina, wewe ni mtu mzima, usiyabebe yote.

Tuzungumze la maana. Geofrey amenifuata hapa nyumbani mara kadhaa. Wanataka kulitengeneza gurudumu lizunguke tena. Wamepata fundi wa mbao. Siku ya kulizindua atakuja padre, watakuja viongozi, na mwenye jina ndiye atakayefungua maji. Hebu fikiri, mdogo wangu, Kobelo anafungua maji mbele ya watu wote, kama mjomba alivyokuwa akifanya siku ya mavuno tulipokuwa watoto. Huoni kwamba tukimpa Agustino sasa hivi tutakuwa tumeuza mbuzi siku moja kabla ya sikukuu?

Nimekutumia kilo chache za sukari na khanga mbili kwa mkono wa Sabra. Hiyo khanga nyingine ni ya Jesca. Harusi ikipita tu nitapanda. Safari hii ni ahadi.

Kaka yako,
Dominiko


Kilungwi
12 Novemba 2023

Kaka,

Shikamoo. Sukari nimeipata. Khanga ya Jesca bado iko huku, kwa sababu mtu wa kuipeleka ni mimi.

Mvua ilianza kabla ya harusi na haijaacha. Redio inasema mwaka huu ni nyingi kuliko kawaida na safari hii redio inasema kweli. Nimeshusha mbao zote za lango isipokuwa ya juu, na kila baada ya muda natoka kuangalia. Agustino aliniambia nikufikishie salamu zake: amengoja, kifua chake hakiwezi tena baridi hii, na binti yake amemjengea chumba Bigwa. Ameshashuka. Alilia wakati wa kuniaga, mwanaume mzima yule. Sasa hata ukija huna wa kumpa jembe. Itabidi ukae wewe.

Jesca ananiuliza nafika lini. Nimemwambia mjomba wako yuko njiani. Leo ndiyo siku ya mwisho kumwambia hivyo.

Martina


Kilungwi
3 Desemba 2023

Dominiko,

Amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto mzima na mama mzima, Mungu ni mwema.

Sikuwepo. Alianza kuumwa usiku mto ulipofika kwenye alama ya mafuriko ya mjomba pale kwenye jiwe. Yeye anapiga simu, na simu iko ndani ya kopo nyuma ya mlango, na hata ingekuwa mfukoni huku bondeni haishiki. Mimi nilikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, nagandamiza udongo kwenye mbao, na pale chini naona taa ya Bibi Kristina, anangoja nimpigie kelele kwamba akimbie au alale. Nilimwambia alale. Siku ya pili yake mvua ilipopungua nikapanda kileleni, na ujumbe ukaingia mmoja baada ya mwingine. Mama uko wapi. Mama wananipeleka. Mama mbona hupokei. Wa mwisho ulitoka kwa jirani yake, Hafidha, dada wa watu asiye hata ndugu, akisema hongera bibi.

Yeye ndiye aliyemkanda maji ya moto mwanangu. Yeye ndiye aliyempikia uji. Mtoto wa kwanza wa binti yangu ameshikwa na mikono ya mtaa mzima wa Mikese isipokuwa yangu.

Nilikaa pale kileleni nikalia mpaka nikachoka, kisha nikateremka kwa sababu mawingu yalikuwa yanarudi. Hata kulia kwangu kunangoja ruhusa ya mto.

Barua hii usiijibu.

Martina


Mafiga, Morogoro
22 Desemba 2023

Mpendwa Martina,

Najua umesema nisijibu, lakini ni Krismasi, na mtu hawezi kumnyamazia mdogo wake Krismasi. Tunakutakia wote heri ya Noeli. Evance na mkewe wamehamia Kihonda. Mguu ni ule ule.

Nimefurahi kupita kiasi. Mtoto wa kiume! Ukoo ulikuwa umekauka, Martina. Mimi wanangu, kwa mila yetu, ni wa ukoo wa mama yao, hilo unalijua, hakuna hata mmoja ninayeweza kumwachia kitu. Huyu ni damu ya mama yetu. Amepewa jina gani? Jesca asiharakishe kumpa jina.

Kuhusu kutokuja kwangu, nina yangu ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Siyo mguu tu. Nilifika hadi Bigwa, nikasimama pale njia inapoanza kupanda. Nikarudi. Sina zaidi ya hilo la kukuandikia.

Uzinduzi umepangwa mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepumzika. Vumilia mpaka hapo.

Kaka yako akupendaye,
Dominiko


Mafiga, Morogoro
21 Januari 2024

Martina,

Salamu zitakuja baadaye. Umefanya nini?

Nilitoka asubuhi kwenda kunyolewa. Narudi nakuta Joyce anatabasamu, ananiambia wifi alikuja, amekaa kidogo tu, kakataa hata chakula, ameleta magimbi, ndizi, na "lile jembe lako ulilolisahau". Nikauliza jembe gani. Akaniambia amelipokea kwa mikono miwili kama ulivyomwelekeza, akaliingiza ndani, akaliweka chini ya kitanda chetu lisije likaibiwa. Kitandani kwangu, Martina. Nimelala juu yake bila usingizi.

Joyce ni Mpare. Hajui mambo ya kwetu, angejuaje? Aliona mtu ameleta zawadi akashukuru. Kupokea kwake hakuhesabiwi. Nimempa Sabra alirudishe, amekataa kuligusa. Anasema wewe ulimwonya. Nimewapigia wazee wa ukoo, nao wananicheka kwenye simu. Wananiambia, Kobelo, nyumba linamolala jembe ndiyo inayoshika mfereji. Maneno yangu mwenyewe.

Uko wapi? Kinuni yuko nani? Nijibu haraka, au pokea simu.

Dominiko


Mikese
28 Januari 2024

Kaka Dominiko,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo. Mtoto ananyonya kama anayelipwa. Ana masikio yako, tumwombee yasizidi hapo. Jesca amepungua, lakini nikimpikia mtori anamaliza bakuli. Usiku nikiamka kumpokea mtoto nasikia malori yanapita barabarani kwenda Dar, na kwa muda kidogo nadhani ni mto, natafuta viatu. Halafu nakumbuka, narudi kulala.

Simu yako nimeiona inaita. Nilikuwa kwenye jumuiya.

Nakujibu uliyouliza. Kinuni hakuna mtu. Kuku nimempa Bibi Kristina na ufunguo uko kwake. Nilishusha mbao zote na kuziziba kwa udongo wa mfinyanzi, nikapanga mawe nyuma yake. Kwa mvua hizi ndogo zitashika. Masika yakianza hazitashika, na hilo unalijua hata kama umekaa mjini mpaka umesahau ladha ya magimbi. Bibi Kristina nimemwambia ukweli wote. Nimemwomba ahamie kwa mwanawe, amekataa. Anasema analiamini jembe, litamleta mwenyewe.

Usimlaumu wifi. Sikumdanganya, nilimweleza kila neno: hili ni jembe la mume wako, alilisahau kwangu, ukilipokea litalala hapa. Akasema karibu sana. Mali iliyosahauliwa hurudishwa kwa mwenyewe, kaka. Ningeogopa kama ningempa mtu mali isiyo yake.

Na hili sikuandikii kwa kukukomoa. Nilibeba jembe hilo begani tangu Kilungwi hadi kwako, na pale njia inapokutana na lami kule Bigwa niliketi, nikakufikiria umesimama pale pale umegeuka. Nilikuhurumia. Kisha nikanyanyuka.

Martina


Kilungwi, Kinuni
17 Machi 2024

Mdogo wangu Martina,

Nakusalimu kwa mkono wenye malengelenge, kwa hiyo mwandiko uusamehe. Jesca na mtoto wazima? Mimi niko hapa tangu katikati ya Februari, nilipopanda na jembe kwa ajili ya uzinduzi. Joyce hakuja. Amesema yeye hakuolewa na kinu, na atakuwa ananitumia unga.

Uzinduzi ulifanyika. Nilivaa suti ile ya harusi ya Evance. Padre akabariki, Geofrey akazungumza vizuri mno mpaka watu wakafuta machozi, kisha nikashika jembe nikafungua maji. Gurudumu likaguna, likakaa, halafu likazunguka, Martina. Nakuambia lilizunguka! Watu wakapiga vigelegele. Wakasaga hata mahindi debe moja, unga mzito wenye pumba kama ule wa mama. Kabla hawajamaliza kula ubao mmoja wa gurudumu ukavunjika, lakini nadhani wengi hawakuona. Mawingu yakajikusanya, wakasema njia itateleza, wakaondoka wote na magari yao. Nikabaki nimesimama langoni na suti. Mpaka leo suti ina matope.

Usiku ule ule mvua ikanyesha. Nilishusha mbao kwa kutumia kumbukumbu ya utoto, moja ikanibana kidole. Bibi Kristina alikuwa kajitokeza na tochi. Nikampigia kelele kwamba alale. Asubuhi akapanda kuja kuniangalia, akaniambia nifungue mdomo. Akahesabu meno yangu, akaondoka zake.

Sasa nikuambie yale ambayo sikuweza kuyaandika Desemba. Naogopa, Martina. Toka nikiwa mtoto naogopa nyumba hii. Maji yanapita chini ya dirisha kama mtu anayekuita usiku kucha, na ukitoka hakuna mtu. Nilimwona mjomba akizeeka humu, anaangalia mawingu anapokula, anaangalia mawingu anapozika. Hapo Bigwa siyo mguu uliokataa. Na sasa nimo ndani, na kila ninapowaza kutoka naona taa ya yule bibi pale chini. Wewe ulikaaje? Nakuuliza kwa kweli, ulikaaje?

Nina ombi. Agustino hawezi tena, kifua. Wengine wote wa ukoo wako Dar. Lakini tuna mtoto. Ni wa damu yetu, ni wa kiume, na hajapewa jina kubwa. Mlete hata kwa siku moja, ukiwa umembeba, tumwekee mkono wake kwenye jembe na tumwite Kobelo, kama ilivyofanywa kwangu. Simaanishi akae. Akue huko huko, asome. Ila nijue kwamba siku moja kuna mtu atakuja kunipokea. Mtu akijua kuna wa kumpokea anaweza kukaa. Nihurumie katika hilo, dada.

Kaka yako,
Dominiko


Mikese
Pasaka, 31 Machi 2024

Kaka yangu Dominiko,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tumekula pilau kwa Hafidha, ambaye mwezi huu amefunga lakini amewapikia Wakristo wote wa mtaa huu baada ya kufuturu. Mtoto amecheka kwa sauti leo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anamcheka mbuzi.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Umeuliza nilikaaje. Sikukaa, kaka. Nilikuwa nangoja, na mtu anayengoja haoni miaka. Kwa hiyo sitakufanyia ulivyonifanyia. Sitakuambia vumilia, sitakuambia mvua zikipita, sitakuambia niko njiani. Sirudi. Umelisikia mapema, upange maisha yako nalo. Ubao wa pili kutoka chini una ufa upande wa mto; uuzibe kabla ya mwezi wa nne kuchanganya, na udongo mzuri uko nyuma ya choo, siyo ule wa njiani. Ukitaka kulala, sogeza kitanda ukutani upande wa jiko. Pale sauti ya maji inapungua. Ilinichukua muda kuligundua hilo.

Mwite Geofrey umwambie ukweli. Anakipenda kinu kile kuliko sisi wote, basi amtafute mtu wa kukupokea langoni hata siku moja moja. Wazee wa ukoo watalalamika. Uwaambie anayelalamika aje na jembe lake.

Kuhusu mtoto. Nilipokuwa msichana mama alinisimulia siku uliyopewa jina. Hukuwa mgongoni kama ulivyozoea kusema. Ulikuwa umelala. Mjomba alikuja na jembe, akaushika mkono wako wa kuume, akaukunjua kidole kwa kidole, akaufunga kwenye mpini. Mama alisema uliamka ukalia mpaka jioni, wakasema mtoto ana tumbo.

Nimekuwa nikikuchukia miezi hii, na nikikumbuka hilo chuki inapungua, siwezi kuizuia. Wewe hukuulizwa. Mimi pia sikuulizwa. Huyu hapa amelala kwenye mapaja yangu ninapoandika, mkono wake umekunjwa hivyo hivyo, na mimi sitaukunjua. Tutamngoja aongee.

Mdogo wako,
Martina